Klachi ya Gari la Nesi

Watu walimwita Mapazia, naye aliliitikia jina hilo bila kinyongo, maana kazi yake ndiyo hiyo: kupima madirisha ya watu, kukata kitambaa, kushona, kisha kurudi na ngazi na kuyatundika. Kushona hakukuwa na shida. Shida ilikuwa njiani. Fimbo za pazia ni ndefu, ngazi yake ilikuwa haikunjiki, na kitambaa kikishapigwa pasi hakitaki kubanwa. Kila alipopata kazi ya mbali ilimbidi abembeleze wenye magari, na wenye magari ni watu wa kukupiga kalenda: leo nakuja, kesho nipo njiani, keshokutwa simu imezimwa. Wateja wazuri walimkimbia kwa sababu hiyo. Mume aliyekuwa naye alishajiendea zake siku nyingi, kwa hiyo hakukuwa na wa kumsukumia mzigo.

Ndiyo maana siku alipoliona lile gari, moyo ulimruka.

Alikuwa nyumbani kwa nesi mmoja mstaafu, mwanamke mrefu, mjane, mwenye sauti iliyozoea kushinda kelele za wodi. Mapazia alikuwa juu ya ngazi akitundika pazia la sebuleni, akachungulia uani, akaona turubai limefunika kitu kikubwa.

"Lile ni la marehemu," nesi alisema kutoka chini. "La dizeli, la zamani, lakini alilipenda kuliko alivyonipenda mimi." Akacheka peke yake. "Nimeliendesha mpaka pedali ya klachi imekuwa kama godoro. Ukikanyaga inazama tu, na gia zinapiga kelele. Nimechoka nalo. Nataka mtu wa kulifanyia kazi, kwa bei ya kulitoa hapo uani, basi."

Walitoka wakafunua turubai. Vumbi lilikuwa la kuandikia jina. Lakini mlango wa nyuma ulifunguka wote, mpana kama wa kabati, na Mapazia, badala ya kuangalia injini kama watu wengine, alivua futi ya kitambaa shingoni akapima kutoka mlangoni hadi kwenye viti vya mbele. Fimbo zingeingia na nafasi ingebaki. Alicheka kwa sauti, nesi naye akacheka kwa kumtazama.

"Nina mdogo wangu fundi magari," Mapazia alisema. "Nitamleta aliangalie. Akisema sawa, nesi, nalichukua."

Mdogo wake huyo walimwita Spana. Alikuwa mziwanda. Baba yao alipofariki, Spana alikuwa bado anavaa kaptula, na Mapazia alikuwa tayari amekaa kwenye cherehani. Ni yeye aliyemshika mkono kumpeleka gereji kujifunza kazi, na ovaroli yake ya kwanza aliishona kwa mikono yake, akaongeza mifuko kwa sababu mtoto alitaka mifuko mingi. Siku zote hizo hakuwahi kutilia shaka neno la Spana kuhusu gari, kama ambavyo Spana hakuwahi kubishana naye kuhusu kitambaa.

Spana alikuja, akamsalimia nesi kwa adabu, akaingia nyuma ya usukani. Mapazia akakaa pembeni yake. Kila alipotaka kupima klachi, Spana alikuwa na kawaida ya kuvua kiatu cha kushoto. Alikanyaga pedali, ikazama yote bila kugombana naye. Akajaribu kuingiza gia, ikakwaruza. Akaipampu pedali haraka haraka, ikapanda kidogo, gia ikaingia. Wakatoka getini.

Wakazunguka mitaa. Kwenye kilima Spana aliweka gia ya tatu akakandamiza mafuta, na gari likapanda. Halikupanda kwa mbwembwe, lakini lilipanda, injini na magurudumu vikienda pamoja. Waliporudi mbele ya nyumba alivuta breki ya mkono mpaka mwisho, akaacha gia ile ile ya tatu, akatia mafuta kidogo, akaachia pedali yote kwa mkupuo. Gari likashtuka kama mtu aliyeitwa ghafla usingizini, likazima. Akaliwasha, akarudia. Likazima tena.

Mapazia alikuwa akimwangalia usoni, jinsi mtu anavyomwangalia daktari anayesoma majibu. Spana aliinama chini ya dashibodi, akagusa mahali fulani juu ya pedali, kidole kikatoka na unyevu. Akakinusa, akakifuta kwenye paja la suruali.

"Vipi?"

"Shuka, dada, tuongee kule."

Walisimama karibu na ukuta, mbali na masikio ya nesi aliyekuwa amekunja mikono barazani.

"Achana nalo," Spana alisema. "Umeona linavyozima? Klachi imekwisha hiyo. Lingekuwa gari jingine ningekwambia tubadilishe pleti, maisha yaendelee. Lakini hili ni dizeli, dada. Nyuma ya klachi kuna flaiwili, dude zito la chuma, na ya hili ina vipande viwili na springi katikati. Nayo imekufa, nimeisikia inagonga. Mpaka ushushe gia boksi, ununue yote hayo, utakuwa umenunua gari mara mbili."

"Lakini kilima si limepanda vizuri?"

"Kilima!" Alicheka, akamshika bega. "Hiyo ndiyo tabia ya dizeli. Ina nguvu za kukudanganya. Utalipenda wiki moja, ya pili linakuacha barabarani na ngazi yako."

Ilimuuma, lakini uchungu wake ulikuwa na shukrani ndani. "Bila wewe ningeingia mkenge."

"Ndiyo kazi ya ndugu," Spana alisema.

Mapazia hakumzungusha nesi. Alimwendea akamweleza wazi. Nesi akauliza, hata kama angepunguza? Hata ukipunguza, nesi, mdogo wangu anasema klachi imekufa pamoja na flaiwili. Nesi alilitazama gari lake kama anavyotazamwa jamaa aliyerudishwa nyumbani kutoka hospitali kwa sababu hakuna la kufanya. "Basi," alisema, akaanza kuvuta turubai.

Wakati ule Mapazia alikuwa ameshaanza kujifunza kuendesha, na kwa vile ada ilikuwa imeshatoka, hakuacha. Mwalimu wake alikuwa mzee mmoja mwembamba waliyemwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilolitumia kuliko mengine yote, hata mwanafunzi akielekea mtaroni. Gari la kufundishia lilikuwa limechoshwa na miguu ya kila aina. Mapazia usukani aliuweza upesi. Kilichomtesa ni kuondoka mlimani. Alikuwa akisahau kushusha breki ya mkono, akiachia klachi kwa pupa, na kila mara gari linazima na nyuma yake watu wanapiga honi.

Siku moja lilizima mara nyingi mpaka akapandwa na hasira. "Mwalimu, klachi ya gari lako imekufa. Kila nikiachia linazima."

Taratibu alicheka mpaka akavua miwani. "Klachi iliyokufa haizimi gari, mama. Hiyo ni klachi nzima."

"Nzima vipi na linazima?"

"Taratibu, nikueleze." Akaweka viganja viwili mbele yake, akavikutanisha. "Huu injini, huu magurudumu. Klachi ndiyo inayovishikanisha. Breki ya mkono iko juu, magurudumu hayataki kwenda. Ukiachia klachi, ikikamata barabara, injini inang'ang'ana na magurudumu yaliyogoma, inashindwa, inazima. Sasa klachi iliyokwisha inateleza." Akasuguanisha viganja. "Utaachia pedali yote na injini itaendelea kunguruma kama haijasikia. Ukipanda mlima, injini inalia, gari haliendi, na harufu ya kuungua inakupanda puani. Mafundi wote wanapima hivyo. Gia ya tatu, breki ya mkono, achia. Likizima, mshukuru Mungu."

Mapazia alikuwa bado ameshika usukani. Magari yaliyokuwa nyuma yalikuwa yanampita, dereva mmoja akamtupia tusi. Hakulisikia.

"Na pedali ikizama yote?" aliuliza. "Gia zikikwaruza?"

"Ukiipampu inarudi?"

"Inarudi."

"Na juu ya pedali kuna unyevu?"

"Upo."

"Mafuta ya klachi yanavuja hayo. Kuna kiraba kimechoka kwenye kisilinda kinachoyasukuma. Fundi yeyote anakimaliza kabla chai yake haijapoa." Taratibu akavaa miwani. "Gari la nani hilo?"

Mapazia alivuta breki ya mkono, akaweka gia ya tatu, akatia mafuta, akaachia. Likashtuka, likazima. Akarudia. Taratibu alianza kusema neno lake, akalimeza.

Usimdhanie kwamba alimhukumu mdogo wake hapo hapo. Njia nzima ya kurudi alikuwa akimtetea. Fundi naye ni binadamu, anakosea. Labda kugonga kwa flaiwili alikusikia kweli. Labda magari ya dizeli yana mambo yake ambayo mwalimu wa udereva hayajui. Akaamua aende kwa nesi amwombe walipeleke gari kwa fundi mwingine, wasikie kauli ya pili.

Uani hapakuwa na gari. Palikuwa na mstatili wa udongo mkavu usio na nyasi, na doa jeusi mahali injini ilipokuwa ikidondosha.

"Umesahau nini?" nesi alimuuliza kutoka barazani. Hakumkaribisha kiti.

"Nimekuja kwa ajili ya lile gari, nesi."

"Mnataka nini tena? Mmelichukua kwa bei ya chuma chakavu, sasa mmekuja kudai na turubai?"

Mapazia alisimama palepale, mkoba begani. Ikabidi aulize, na kila swali lilimfanya aonekane mwongo zaidi. Nesi alimjibu kwa ufupi, kama mtu anayerudia jambo mbele ya yule yule aliyelitenda. Spana alikuja siku chache tu baada ya kulipima. Alisema ametumwa na dada yake. Alisema wamekubaliana walichukue kwa ajili ya vipuri, kwa kuwa klachi imekufa na halitatembea tena.

"Nikajisemea, sawa, simpi yeye, nampa yule mwanamke aliyelipima gari kwa futi akacheka," nesi alisema. "Nikalitoa. Mdogo wako akachomoa kichupa cha mafuta na kiraba mfukoni, akajilaza chini ya dashibodi, akatoka, akaliwasha. Likapita getini halina hata mkwaruzo. Nilikuwa nimesimama hapa hapa. Mimi nimefanya kazi wodini, mama. Nimeshaona mgonjwa akiambiwa hatapona ili kitanda chake kipatikane."

"Sikumtuma, nesi. Haki ya Mungu sikumtuma."

Nesi alimtazama kuanzia uso mpaka viatu. "Hilo mtajuana wenyewe," akasema, akaingia ndani.

Mapazia alikwenda gereji moja kwa moja. Gari lilikuwa mbele, limeoshwa likang'aa, na juu yake wamefunga keria mpya ya mizigo. Kwenye kiti cha abiria alikaa wifi yake, mke wa Spana, akijitazama kwenye kioo kidogo. Alipomwona Mapazia alishusha macho, na hapo Mapazia akajua kwamba hakuna la kueleweshwa zaidi.

"Dada! Karibu," Spana alisema, akijifuta mikono kwa tambara.

"Gari la nani hili?"

"La mteja."

"Mteja gani?"

Spana akaanza kutafuta jina la mteja. Mapazia hakumsubiri. Alifungua mlango wa dereva, akakaa, akavuta breki ya mkono, akazungusha ufunguo. Pedali ilikuwa ngumu kiasi, imesimama vizuri chini ya mguu. Gia ya tatu ikaingia kimya kama kisu kwenye ala. Akatia mafuta, akaachia. Gari likashtuka, wifi akashika dashibodi, likazima.

Mapazia alimgeukia mdogo wake dirishani. "Limezima."

Spana akanyoosha mkono kuufuata ufunguo.

"Siku ile lilipozima ulisema ni nini?"

Spana alikuwa na mambo mengi ya kusema wakati ule. Angeweza kusema samahani. Angeweza hata kukana. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani kakufundisha?"

Mapazia alishuka garini. "Umenidanganya mbele ya macho yangu. Nimekaa pembeni yako nikiangalia klachi nzima, ukaniambia imekufa, nikakushukuru."

"Dada, punguza sauti. Hii ni sehemu yangu ya kazi."

"Aliyekuleta hapa ni nani?"

"Ndiyo hayo, kila kitu lazima ukumbushie." Sasa na yeye alipata hasira ya kujifichia. "Sikiliza. Mimi ni fundi magari na nakuja kazini kwa miguu. Wateja wananicheka. Nina mke, nina watoto, nina mama ndani ya nyumba. Gari kama lile halitokei mara mbili. Wewe ungelifanyia nini? Kupakia mapazia?"

"Ungeniambia. Ungesema, dada, hili nalitaka mimi."

"Ungeniachia?"

Mapazia alilifikiria swali lile kwa haki. Alimwona yule mtoto wa ovaroli yenye mifuko mingi. "Ningekuachia," akasema.

Ilikuwa kweli, na Spana alijua kwamba ni kweli. Aligeuza uso, akaanza kukunja tambara lake vipande vinne kama vile lilikuwa kitu cha maana. Kisha akacheka kidogo puani. "Basi si umeniachia? Tofauti iko wapi?"

Mama yao alikuwa akiishi nyumbani kwa Spana, chumba cha nyuma, mguu wake mmoja umevimba siku nyingi. Mapazia ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki kwa gari la kukodi, mpaka siku za karibuni mama alipomwambia asijisumbue, mguu umepata nafuu. Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Umeshajua," mama alisema kabla hata hajasalimiwa.

Mapazia alibaki mlangoni. "Na wewe ulijua?"

"Alinipeleka nalo kliniki. Nikamuuliza, akanieleza."

"Ndiyo maana ukaniambia mguu umepata nafuu."

"Mguu haujapata nafuu," mama alisema, akaupapasa. "Ningekwambia ili iweje, mwanangu? Mgombane? Wewe una mikono. Hata wakikutupa wapi, utashona, utakula. Huyu mwenzio ni mtu wa kubebwa tangu siku niliyomzaa. Nawajua nyote wawili. Mwache."

Alilisema kama sifa. Pengine kwake ilikuwa sifa. Mapazia alikuwa amekuja na dawa za mama kwenye mkoba. Akaziweka juu ya meza, akamweleza ipi ya asubuhi na ipi ya jioni, ingawa mama alizijua, akaondoka bila kukaa.

Msikilizaji angependa kuambiwa kwamba gari lile lilimfia Spana njiani. Halikumfia. Lilimbeba vizuri, likamletea wateja wa mizigo, akawa mtu wa kuitwa bosi. Majirani walimwambia Mapazia, mdogo wako ana jicho la magari, naye akaitikia ndiyo, analo. Nesi alimtafuta fundi mwingine wa mapazia, na rafiki zake wawili nao wakaacha kumpigia Mapazia simu. Hakwenda kujieleza. Angejieleza vipi bila kumvua nguo mtoto wa mama yake?

Gari alinunua mwishowe, baada ya kukaa sana akibeba ngazi. Alikwenda kuyaangalia peke yake. La kwanza aliachia klachi na injini ikaendelea kunguruma raha mustarehe. Mwenye gari akamwambia hiyo ndiyo injini yenye nguvu, mama. Aliondoka. La pili lilipanda mlima likilia na kunuka. La tatu lilitetemeka kila lilipoondoka, mpaka kioo cha pembeni kikawa kinacheza. "Mama, mlete fundi wako aliangalie," dalali wa lile la tatu alimwambia kwa kuchoka.

"Ndiye mimi," alisema, na dalali akacheka.

Hakuwa na uhakika kama alivyojifanya. Kila mara, akishaachia ile pedali, alijikuta anageukia kiti cha pembeni kutafuta uso wa mtu, na kiti kilikuwa kitupu. Lile alilolichukua lilikuwa la dizeli, baya kwa sura, na klachi yake ilikamata juu kidogo. Alijua maana yake: ina maisha, lakini si marefu. Akalichukua kwa bei ya kitu ambacho maisha yake si marefu.

Siku moja alikuwa kazini, pini zimejaa mdomoni, mama akapiga simu. Baada ya salamu na mguu, akafika kwenye shabaha yake. "Mdogo wako anataka kushonewa vitambaa vya viti vya gari. Anasema hakuna anayeshona kama wewe."

Mapazia alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. "Mwambie atafute fundi mwingine."

"Una kinyongo bado?"

"Ninacho, mama."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Kesho nitakuja nikupeleke kliniki."

Kesho yake alisimama nje ya geti, akapiga honi, hakushuka. Mama alitoka polepole ameshikwa mkono na wifi. Wifi alimsaidia kupanda, akasema, "Shikamoo, wifi," kwa sauti ndogo, na Mapazia akaitikia, "Marahaba," akiangalia mbele. Waliondoka. Mama alipapasa kiti, akatazama ngazi na fimbo zilizolala nyuma, akaonekana kama mtu anayetafuta la kusema lisilomuumiza yeyote.

"Na hili," aliuliza, "nani alikuangalizia?"

"Nililiangalia mwenyewe."

Mama akageukia dirishani, na safari nzima iliyobaki akawa anatazama maduka.